Jicho Linavyojibu Mwanga

Kabla hujamgusa mgonjwa, pasha mikono yako joto. Naanza na hilo kwa sababu najua hakuna kitabu cha mashine kitakachowaambia. Nyeri yetu mwezi wa saba si mahali pa mchezo. Ukiinua kope la mzee wa watu kwa vidole vilivyoganda, ataruka, kidevu kitatoka kwenye kishikio, na itakubidi uanze upya huku amekununia. Mimi nilikuwa na chupa ya chai ya moto kando ya kompyuta siku zote. Wenzangu walidhani nina uchu wa chai. Ninao, lakini kazi ya kwanza ya ile chupa ilikuwa kushikwa.

Siku hizi mnaniita shosho, yaani bibi, nami naitika. Nimestaafu, niko nyumbani na kuku wangu na mbuzi mmoja mkorofi, na mkubwa wenu amenipigia simu akisema, "Mama Picha, andikia hawa vijana kitu. Mashini wameijua, lakini watu bado." Basi naandika. Sitafuata miaka moja baada ya nyingine kama mwalimu wa historia, maana kichwa changu hakihifadhi mambo hivyo.

Kazi yetu ni kupiga picha ya retina, ule utando mwembamba ulio nyuma ya jicho ambao hupokea mwanga na kuupelekea ubongo habari. Wahenga walisema macho hayana pazia. Nyinyi na mimi tunajua kwamba yanalo, tena liko ndani kabisa, na tumekula ugali kwa sababu yake. Nilipoanza, tulilipiga picha kwa filamu. Nilitoka kwenye studio ya picha za pasipoti kule Karatina, mahali nilipokuwa nikiwaambia watu wainue kidevu na wasicheke, na Bwana Githinji, mkuu wa chumba cha picha katika kliniki ya macho, alikuja kupigwa yake. Akaniangalia nikirekebisha taa kwa ajili ya bibi mmoja aliyekuwa na makunyanzi mengi. Akasema, "Wewe msichana unajua mwanga. Njoo nikuonyeshe uso mwingine." Nilidhani ananitongoza. Nikamwambia nina mchumba, ingawa sikuwa naye.

Githinji alikuwa na desturi yake, na ninaomba muirudishe. Mfanyakazi mpya hakuruhusiwa kushika kamera kabla hajatiwa ile dawa ya kupanua mboni. Ukishatiwa, ulitumwa sokoni peke yako kununua sukuma wiki na waru, yaani viazi. Nilitoka nje ya lango, jua la saa sita likanipiga kama kofi. Kila kitu cha karibu kilikuwa ukungu. Nilinunua mboga ambazo mpaka leo sizijui jina, na nikiwa narudi nilimsalimu kwa heshima zote mama mmoja mnene aliyesimama mlangoni mwa duka la nguo. Hakunijibu. Nikarudia salamu. Mwenye duka alitoka akaniambia kwa upole kwamba hiyo ni sanamu ya kuvalishwa magauni. Nilipofika kazini Githinji hakucheka. Alinikalisha, akanipa kofia, akasema, "Sasa unajua kwa nini huwezi kumwambia mgonjwa aende nyumbani peke yake." Tangu siku hiyo sikuwahi kumfungulia mgonjwa mlango bila kuuliza nani amemleta.

Enzi hizo, ili kuona damu inavyotembea kwenye retina, ilibidi umdunge mgonjwa dawa ya rangi mkononi. Ile rangi ilipanda hadi jichoni, nasi tukapiga picha upesi upesi kabla haijapita. Wengine walitapika. Wote waligeuka manjano, na kesho yake mkojo ulikuwa na rangi ya soda ya machungwa. Tulikuwa tukiwaeleza, lakini mtu akishaona sindano, masikio hufungwa. Kulikuwa na mzee mmoja kutoka Kangema, mkulima wa chai, aliyerudi kwetu asubuhi akiwa amevaa suti ya kanisa na amebeba chupa imefungwa kwa gazeti. Aliiweka mezani taratibu. "Daktari," aliniambia, ingawa sikuwa daktari, "niambieni ukweli tu. Nimeshaaga watoto." Nilimweleza tena, polepole. Akauliza kama anaweza kutoka kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa watoto wote walikuwa wanangoja pale mbele wakilia.

Nawashukuru waliotuletea mashine zinazotazama damu ikitembea bila sindano, kwa mwanga peke yake. Sisemi hivyo kwa mdomo tu. Siku ya kwanza nilipoona mishipa midogo ya retina ikijichora kwenye skrini, na mgonjwa ameketi pale akiniuliza bei ya viazi, nilitoka nje nikalia kidogo. Niliwakumbuka wale wote waliotapikia viatu vyangu.

Lakini mashine mpya ilikuja na taabu zake. Picha zilikuwa na ukungu, hasa kwa wazee, na hatukujua sababu. Tulisafisha lenzi mpaka ikang'aa. Suluhisho tulilipata kwa akina mama wa kanisa. Mama wa huku, kama mnavyojua, hawezi kuingizwa kwenye chombo asichokijua bila kuomba kwanza. Anaweka kidevu, anafumba macho, anaomba kwa Kikuyu kwa utulivu, na wewe unangoja, maana huwezi kumkatiza mtu akiongea na Mungu. Nikaanza kugundua kwamba wanaoomba wana picha safi kuliko wasioomba. Nilimwambia Githinji, nikitarajia atafurahi kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa. Alifikiri, akasema, "Mungu husaidia, lakini hapa ni machozi." Mtu akikodoa macho kwa hofu, uso wa jicho unakauka na picha inaharibika. Akifumba kidogo, machozi yanaulainisha. Basi ikawa ndiyo njia yetu. Hata asiye na dini nilimwambia, "Fumba macho, vuta pumzi, sema amina moyoni, kisha fungua." Ile sekunde baada ya amina ndiyo ya kubonyeza. Msiipoteze mkitafuta kalamu.

Jambo jingine ambalo ni letu sisi watu wa mlimani, na hamtalikuta kwenye maelezo ya mtengenezaji, ni adabu. Mnalijua lile bakuli jeupe la kupimia upana wa kuona: mgonjwa anatazama katikati, vitaa vidogo vinawaka huku na kule, na kila akiona kimoja anabonyeza kitufe. Ni kipimo kizuri kwa mtu mbishi. Kwa mtu wetu mwenye adabu ni balaa. Yeye anaona umevaa koti jeupe, umechoka, kuna watu wamejaa kwenye benchi, na hataki kukuangusha. Ukimuuliza, "Unaona?" anasema, "Naona, asante." Anabonyeza hata pale ambapo hakuna kitaa, ili ujue anajitahidi. Nilimpima mama mmoja aliyebonyeza kwa mdundo mmoja mwanzo hadi mwisho kama anayetwanga. Nilipomuuliza, alisema hakutaka mashini ifikiri ameipuuza.

Sasa nije kwa Dkt. Kendi, kwa kuwa bila yeye nisingekuwa na hadithi ya kuwapa. Kendi ni mtoto wa Timau, baba yake alifanya kazi kwenye shamba la maua. Alisoma hapa, akaenda kusoma nje, na badala ya kubaki huko alirudi kwetu na mashine ya utafiti, nikiwa nimebakiza muda mfupi nistaafu. Ilikuja vipande vipande kwenye masanduku. Alivaa raba na suruali ya jinzi, na wagonjwa walidhani ni binti yangu amekuja kuomba nauli.

"Mama," aliniambia, "picha zetu zote zinatuonyesha nyumba imejengwa vizuri ama imebomoka. Hii itatuonyesha kama kuna watu ndani."

Nawaeleza kama alivyonieleza. Kwenye retina kuna seli zinazopokea mwanga. Ukizitumia mwanga, hazikai tu. Kwanza hunywea kidogo sana, kufumba na kufumbua, kisha hurefuka. Urefu huo ni mdogo mno, unywele ni gogo ukilinganisha nao. Mashine inatuma mwanga mwingine, mwekundu kupita ule ambao jicho linaweza kuuona, na kwa huo inapima zile seli tena na tena huku zikijibu. Hakuna sindano, hakuna kugusa. Na hakuna kuuliza, "Unaona?" Retina inajibu yenyewe, na retina haijafundishwa adabu.

Miezi ya kwanza ilitutoa jasho. Kipimo chenyewe ni chepesi kuvurugika. Tulitoa magurudumu kwenye kiti. Tukafunga dirisha. Bado, kila siku karibu na saa nne, mistari ilicheza kama imelewa. Kendi aliandika barua pepe kwa walimu wake huko nje, wakamjibu mambo marefu. Kumbe ni toroli la chai ya saa nne lililopita kwenye korido, gurudumu moja limelegea. Tulimbembeleza jamaa wa toroli apitie upande wa pili, na chai ikawa inafika kwa manesi ikiwa imepoa. Kuna watu pale hospitalini hawajanisamehe mpaka leo.

Mgonjwa nitakayewaambia habari zake nitamwita Wawira. Si jina lake. Mambo ya mgonjwa hayatembei na jina lake, na hata hivi nilimuomba ruhusa, akanipa. Alitoka upande wa Kianyaga kule Kirinyaga, ameolewa, ana watoto wawili, anachuma chai. Mara ya kwanza nilipomwona alikuwa anaingia langoni, nami nikamwinamia kichwa kwa tabasamu kama ninavyowafanyia wote. Alinipita kana kwamba mimi ni nguzo ya stima. Nikajiambia, haya basi, hawa wa Kirinyaga na maringo yao.

Alikuwa ameshakuja kwetu zaidi ya mara moja akisema haoni vizuri. Picha ya retina yake ilikuwa safi kama ya mtoto. Kwenye bakuli la vitaa, majibu yake hayakueleweka, leo hivi, kesho vile. Daktari wetu mkuu ni mtu mwema, lakini afanye nini? Nyumba imesimama imara, na mwenye nyumba anajichanganya. Aliandika kwamba huenda ni mawazo mengi, akapendekeza apelekwe Nairobi kwa kipimo cha umeme wa jicho, na Wawira hakuwa na namna ya kwenda. Ndipo Kendi aliposema, "Mleteni kwangu kwanza."

Kipimo cha Kendi kinataka mgonjwa akae gizani kwa muda ili seli zipumzike. Kazi yangu ilikuwa kukaa naye, kwa sababu mtu hawezi kuachwa kwenye chumba cha giza kama gunia la mbolea. Vijana, msikae na simu zenu mle. Kwanza mwanga wake unaharibu kipimo. Pili, gizani watu husema. Mchana mgonjwa anaangalia koti lako. Gizani hakuna koti.

Tulikaa. Nilimuuliza kama baridi imezidi. Akasema hapana, asante. Nikamuuliza kwao mvua imenyesha. Yeye akasema, "Mama, mimi si mtu wa madharau."

Nikamwambia hakuna aliyesema hivyo.

"Wanasema. Huko nyumbani wote wanasema. Mama ya bwana yangu nilimpita kwa kituo ya majani chai bila kumsalimia. Si mara moja. Alikuwa amesimama na wamama wengine, nikaona tu watu, sijui ni nani. Yeye sura yake haiko. Hata yako saa ile nimeingia, naona nywele, naona mabega, hapa katikati hakuna mtu."

"Na uliwaeleza?"

"Niliwaeleza. Wakasema mbona naona njia? Mbona sijajikwaa? Mbona nachuma majani? Majani nachuma na vidole, mama, vidole vinajua. Lakini sura haina mahali ya kushika." Nilimsikia akivuta pumzi. "Saa hii huyo mama hali chakula kwangu. Nikipika, hali. Bwana yangu alikuwa ananitetea, siku hizi ananyamaza tu. Wameita watu wa familia wakae. Wanasema nirudi kwetu nikafunzwe heshima."

Nilinyoosha mkono gizani nikaupata wake. Nilimuuliza kuhusu bakuli la vitaa, mbona majibu yanabadilika.

"Yule dada alikuwa amechoka, na watu wako nje wanangoja," alisema. "Nikaona nifinye tu hiyo kitu amalize kazi yake."

Basi pale ndipo nilipolielewa jambo lake lote. Mwanamke anayebonyeza kitufe ili asimuudhi mpimaji ndiye huyo huyo anayesemwa hana heshima. Kama kungekuwa na mwanga chumbani angeona nimekasirika, kama angeweza kuona uso. Nilikuwa na hasira, na sikuwa na wa kumkasirikia.

Tulimkalisha kwenye mashine. Amina, fungua, bonyeza. Ikashindikana. Kila tulipomwambia atazame alama ya msalaba katikati, jicho lake lilihama pembeni kidogo. Tukarudia, likahama tena. Akaanza kuomba msamaha. Kendi alizima skrini, akaketi kwenye sakafu karibu na kiti chake, na raba zake zile.

"Wawira, ukitaka kuona kitu vizuri, unakiangalia wapi?"

"Kando yake," alisema Wawira. "Nikiangalia chenyewe, kinaenda."

Kendi aliniangalia, nami nikamwangalia. Mwenye jicho zima hajui hata kidogo jambo hilo, hawezi kulibuni. Kendi akainuka, akaifuta ile alama ndogo na kuchora mistari minne mirefu inayotoka kwenye pembe za skrini na kukoma kabla haijakutana. "Hii huwezi kukosa," alisema. "Angalia tu mahali mistari ingekutana. Usitafute kitu hapo. Hakuna kitu." Nikamwambia afumbe macho, avute pumzi. Alisema amina kwa sauti. Alipofungua, jicho lilitulia, na Kendi akabonyeza.

Kompyuta huchukua muda kupiga hesabu zake. Nilimpa Wawira chai. Kendi hakunywa. Matokeo yalipokuja yalikuwa ramani ya rangi: mahali seli zimejibu mwanga ni pekundu kama kaa la moto, mahali hazijajibu ni peusi. Pembeni kote kwa Wawira palikuwa pekundu. Katikati, pale pale ambapo picha zetu zote zilionyesha retina safi, palikuwa peusi. Tulimpima jicho la pili, likawa vile vile. Seli zilikuwepo, zimejipanga vizuri, lakini zimenyamaza.

Daktari mkuu aliitwa. Aliitazama ramani, akavuta kiti, akamwambia Wawira maneno ambayo sijawahi kumsikia daktari mwingine akianza nayo: "Mama, ulikuwa unatuambia ukweli." Kisha akamweleza yote. Ni ugonjwa wa kurithi. Dawa bado haipo. Kuona kwa pembeni kunatarajiwa kubaki, kwa hivyo hatakuwa mtu wa kushikwa mkono njiani. Atapewa lenzi ya kukuza maandishi, na watoto waletwe wapimwe. Nilimtazama Wawira nikisubiri alie, kwa maana habari hazikuwa nzuri. Hakulia. Aliuliza, "Mtanipatia hiyo picha niende nayo?"

Kendi alisema picha peke yake haitoshi. "Mlete mama mkwe," alisema.

Sikutarajia angekuja, lakini alikuja. Tumwite Mama Njogu. Mwanamke mrefu, kitambaa cheupe kichwani, mkoba ameukumbatia kifuani. Alitusalimia sote mmoja mmoja kwa mkono, mimi, Kendi, hata fundi aliyekuwa juu ya ngazi akibadilisha taa, ili ionekane kwake salamu ni nini. Akaketi mbali na Wawira.

"Mimi sikatai watu wa hospitali," alisema. "Lakini huyu msichana anaona kuku ikiingia kwa shamba ya mboga, tena akiwa mbali. Anaona mawe ya njia. Sasa mimi mtu mzima namna hii atakosaje kuniona? Ati mimi ni mdogo kuliko kuku?"

Wallahi nilitaka kucheka, lakini nilijiuma ulimi. Kendi hakubishana naye. Alimuuliza tu, kwa adabu zote, kama angependa naye apimwe, ili ajue macho yake yako vipi. Mama Njogu alifikiri, akaondoa mkoba kifuani. Tulikaa naye gizani. Akaweka kidevu, akaomba, maombi marefu, na jina la Wawira sikulisikia ndani yake. Akasema amina, akafungua, tukapiga.

Kendi aliweka ramani mbili kando kwa kando kwenye skrini kubwa. "Hii ni yako, maitu," alisema, akimwita mama kwa lugha ya nyumbani. "Hii ni ya Wawira."

Mama Njogu alikuwa na mtoto wa jicho anayeanza, na rangi za ramani yake zilikuwa hafifu kwa sababu ya umri, lakini katikati palikuwa pekundu. Aliangalia yake. Akaangalia ya Wawira. Akasogea karibu mpaka pua yake ikawa karibu kugusa skrini.

"Hapa kwa pembeni," alisema, "ndiyo kuku inaonekana?"

"Ndiyo, maitu. Kuku, mawe, njia. Yote iko sawa."

"Na mimi nikisimama mbele yake, uso wangu unaanguka wapi?"

Kendi aliweka kidole kwenye peusi.

Mama Njogu alisema kwa sauti ndogo, na hakuwa anatuambia sisi, "Na bado alikuwa anapika ananiletea."

Nimewahi kuona mashine nyingi maishani mwangu, na watu wengi wakipokea habari nyingi, lakini kilichofuata ndicho kinachonifanya niwashukuru Kendi, Githinji na Mungu wangu kila ninapokumbuka. Yule mama aliondoka mbele ya skrini, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kiti cha Wawira, akainama, akamshika mikono yote miwili.

"Wawira," alisema, "ni mimi, nyina wa Njogu. Nimekusalimia."

"Nimeitika, maitu," alisema Wawira. Na hapo ndipo alipolia.

Walitoka wameshikana mikono, ingawa njia Wawira aliiona vizuri tu. Nje kwenye korido benchi lilikuwa limejaa kama kawaida. Mama Njogu alisimama mbele ya mtu wa kwanza, mgeni kabisa kwao, akauliza jina lake na kwao ni wapi, kisha akageuka: "Wawira, huyu ni Mama Wanjohi wa Mukurweini." Wawira akampa mkono, akamsalimia. Wakasogea kwa wa pili. Wakasalimia benchi zima namna hiyo, mama mkwe akitaja, mkwe akisalimia, na wagonjwa wakasahau kulalamika kwamba foleni haisongi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwisho wa mstari.

"Na huyu," Mama Njogu alianza, "huyu ni..."

"Huyu usinitajie, maitu," alisema Wawira, akanyoosha mkono kabla sijasema lolote, maana nilikuwa napenga kamasi kwenye leso kwa kelele. "Huyu namjua kwa sauti."